Prosesa ya Seva au ya Laptopu? Somo Lililonigharimu Msimu wa Senene

Leo nawaletea stori yangu mwenyewe, yenye aibu kidogo ndani yake, ili wewe unayepanga kununua kompyuta ya biashara usipite nilikopita mimi.

Mimi nauza senene wa kukaanga na kahawa ya kusaga hapa Bukoba, maeneo ya Hamugembe. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza. Oda zinakuja WhatsApp na Instagram, mzigo unapanda basi. Miaka miwili nilifanya kila kitu kwa simu. Mwezi wa 10, kabla senene hawajaanza kushuka, mimi na wifi yangu anayeuza vitenge pale Muleba mjini tukakopa kwenye kikoba, kila mmoja Sh 700,000 za kununua kompyuta. Marejesho miezi sita.

Wifi akachukua laptopu iliyotumika, HP EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya Core i5-8350U, kwa Sh 620,000. Mimi nikaenda kwa muuzaji mmoja akanionyesha sanduku kubwa jeusi, HP Z420. Akaniambia, "Dada, hii ina Xeon. Prosesa ya seva hii, kori 8. Hiyo laptopu ya wifi yako ina kori 4 tu. Na hii nakupa kwa 480."

Kori 8 kwa 480,000, au kori 4 kwa 620,000? Nikajiona mjanja. Nikalipa.

Gharama ambazo hazikutajwa

Nilipofika nyumbani ndipo hesabu ikaanza. Sanduku halina kioo, nikanunua cha mtumba Sh 90,000. Halina waifai ndani, na mimi natumia bando la simu, nikanunua kile kidude cha kuchomeka, Sh 20,000. Fundi akaniambia bila UPS nitalia. UPS ilikuwa Sh 150,000. Hela ilikuwa imeisha, nikasema nitanunua mwezi ujao.

Jumlisha: 480 na 90 na 20 na 150 ni Sh 740,000. Ile mashine ya bei rahisi ilikuwa ghali kuliko ya wifi, tena yeye alipata kioo, kibodi, kamera, waifai na betri vyote kwa pamoja. Ukifikiria vizuri, betri ya laptopu ni UPS yako tayari.

Wiki iliyoniumiza

Novemba senene wakaanza. Wanaojua wanajua, ule msimu haukusubiri. Jioni moja nimekaa naingiza oda kwenye Excel, nimefika ya 23, umeme ukakatika. Ulivyorudi, Excel ikanirudishia oda 14 tu. Tisa nikazitafuta moja moja kwenye chati za WhatsApp mpaka saa sita usiku. Bado mizigo miwili ikaenda kwa watu wasio wenyewe.

Siku tatu mbele ukakatika tena, mara mbili ndani ya saa moja. Mashine ikagoma kuwaka. Fundi akasema diski imekufa, na haikuwa mpya hata nilipoinunua. Siku mbili sina kompyuta, na faili la wateja lilikuwa humo humo. Wateja wanne wakadai hela zao nikawarudishia. Ukiuza msimu, siku mbili si kitu kidogo. Na siku ya kikao cha kikoba ilikuwa inakuja.

Nikampigia wifi. Akanijibu, "Wifi, huku pia umeme umekatika, lakini mimi naendelea na kazi." Nilitamani kukata simu.

Tukaamua kupima

Baada ya kuweka diski mpya nikapanda Hiace kwenda Muleba, kama kilomita 70, na lile sanduku mapajani. Kondakta akaniuliza kama nimebeba jiko. Tulikaa wikiendi nzima na shemeji, mdogo wake wifi, ambaye anapiga picha na video za harusi na sendoff. Tukaziweka mashine mbili mezani. Hiki ndicho tulichokiona.

*Kazi za kila siku.* WhatsApp kwenye kompyuta, Excel, Canva ya kutengeneza tangazo, kurasa kumi za intaneti. Laptopu ilikuwa nyepesi kidogo kuliko sanduku! Nilishangaa, shemeji akanieleza. Kazi hizi nyingi zinategemea kori moja au mbili kwa wakati. Kori nyingine zinakaa tu. Xeon yangu ni E5-2650 v2 ya mwaka 2013, ikijitutumua inafika 3.4 GHz. Ile i5 ni ya 2017, inafika 3.6 GHz, na imeundwa upya kwa hiyo kila mzunguko unafanya kazi zaidi. Kori 8 za zamani haziharakishi kazi ya kori moja.

*Video fupi za bidhaa.* Zile za sekunde 30 unazopiga na simu. Hapa nilidhani sanduku litashinda. Wapi! Prosesa nyingi za laptopu za Intel zina sehemu ya picha ndani yake, na sehemu hiyo ina kifaa maalumu cha kufungua na kufunga video. Xeon za aina yangu hazina kabisa sehemu ya picha, ndiyo maana lazima uweke kadi pembeni. Kadi niliyopewa ilikuwa ya zamani, haijui mtindo wa HEVC ambao simu nyingi siku hizi zinarekodi. Video ilikuwa inakwamakwama hata kuitazama tu.

*Video ndefu.* Shemeji akaweka video ya sendoff, saa mbili, yenye maandishi na rangi zilizorekebishwa, akaziambia programu zitumie prosesa pekee bila msaada wa kadi. Hapa Xeon ikaonyesha kwao. Kori zote 8 zilifanya kazi, feni zinavuma, mwendo haukupungua mpaka mwisho. Laptopu ilianza vizuri, baada ya dakika chache ikapata joto, ikajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Sanduku lilimaliza mapema sana. Shemeji akatabasamu nikajua ameshaipenda.

*Umeme.* Shemeji alikuwa na kile kimita kidogo cha kuchomeka ukutani. Sanduku na kioo chake, kwa kazi za kawaida, vilikuwa vinacheza kwenye wati 120. Laptopu karibu wati 20. Haishangazi: Intel wenyewe wameipangia ile Xeon wati 95 na ile i5 wati 15. Sasa piga hesabu. Saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: sanduku linakula unit 31 na kidogo, laptopu unit 5 na kidogo. Kwenye LUKU yangu Sh 10,000 inatoa unit kama 28, yaani karibu Sh 357 kila unit. Sanduku ni Sh 11,000 hivi kwa mwezi, laptopu haifiki Sh 2,000. Tofauti kwa mwaka inazidi laki moja. Hiyo ni mifuko mingapi ya kahawa?

Kwa hiyo prosesa ya seva ni mbaya?

Hapana, na hapa naomba tuelewane. Seva ni mashine inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Prosesa yake imetengenezwa kwa hiyo: kori nyingi, nafasi ya RAM nyingi (Z420 inapokea mpaka GB 64, laptopu ile mwisho GB 32), na uwezo wa kutumia RAM inayojirekebisha makosa. Haikutengenezwa ikiwaza betri wala bili ya LUKU.

Ni kama MV Victoria. Inabeba abiria 1,200 kwenda Mwanza na mizigo juu, hakuna anayeidharau. Lakini ukitaka kupeleka kikapu kimoja kisiwani Musira, unachukua mtumbwi. Mimi nilinunua meli kwa ajili ya kikapu.

Nani achukue ipi?

Chukua laptopu kama unapokea oda, unaandika mauzo, unatengeneza matangazo na video fupi. Kama umeme wako unakatika. Kama unahama kati ya nyumbani, gulio na stendi.

Fikiria mashine yenye prosesa ya seva kama unahariri video ndefu kwa malipo, unabadilisha mafaili mamia kwa mkupuo, au una duka lenye kompyuta kadhaa zinazosoma stoku sehemu moja. Hapo weka bajeti ya UPS na kadi nzuri ya picha *kabla* hujalipia sanduku.

Na kama una oda tano kwa wiki, baki na simu. Usikope.

Kabla hujatoa hela, fanya haya

1. Usinunue kwa jina "Xeon" au "i5" peke yake. Soma namba yote. Kwenye i5-8350U, ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane, na U ni ya kutumia umeme mdogo. Kwenye E5-2650 v2, ile v2 ni toleo la pili. Namba ukishaipata, itafute mtandaoni uone mwaka wake na wati zake.

2. Uliza kuhusu Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. Xeon yangu ya 2013 haimo, i5 ya wifi imo. Kama unaingia akaunti ya benki kwenye kompyuta hiyo, jambo hili si dogo.

3. Kwa laptopu, pima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, shusha bei au ondoka.

4. Jumlisha kila kitu: kioo, waifai, UPS, kadi, umeme wa mwaka. Ndiyo bei halisi.

5. Hakikisha diski ni SSD. Laptopu ya kawaida yenye SSD itakufurahisha kuliko prosesa kubwa juu ya diski ya zamani.

6. Daftari la wateja liwe na nakala mahali pengine. Hili halina prosesa.

Iliishaje?

Shemeji alilichukua lile sanduku kwa Sh 400,000 pamoja na kioo na diski mpya, akalipa kwa awamu mbili. Nilipata hasara, siwafichi. Yeye akaweka UPS na kadi ya picha nzuri zaidi, na leo harusi za Muleba na Kamachumu zinapita humo. Kwake ile mashine ni mali.

Mimi nikaongezea nikachukua laptopu ya kizazi cha nane. Kikoba nilichelewa rejesho moja nikalipa faini, mbele ya wanawake wenzangu wote, huku wifi anaangalia pembeni kwa heshima. Msimu wa Aprili na Mei umeme ulikatika kama kawaida. Nilikuwa na oda 19 kwenye skrini. Nikawasha data ya simu, nikaendelea kuandika.

Wewe unatumia mashine gani, na unaifanyia kazi gani hasa? Tuandikie namba ya prosesa yako hapo chini, tusaidiane kabla mtu mwingine hajapanda Hiace na sanduku mapajani.