Bima ya kazini: kadi mfukoni, hospitali ng'ambo ya jiji

Mwenye karakana moja ya Vingunguti, Dar es Salaam, anawakatia mafundi wake bima ya afya, na bado kila Jumatatu anapokea risiti za matibabu mezani kwake. Orodha ya vituo aliyopewa siku ya kusaini mkataba imejaa hospitali za Upanga, Mikocheni na Masaki. Mafundi wanalala Chanika, Mbagala na Gongo la Mboto. Mtoto akipandwa na homa saa nane usiku, anasema, hakuna mzazi atakayemvusha jiji. Ataingia zahanati ya mtaani, alipe taslimu, adai baadaye. Bima ikikubali dai hurejesha kwa bei zake yenyewe, tena baada ya wiki kadhaa. Pengo linalobaki huombwa kwake kama mkopo wa mshahara.

Kinachomuuma zaidi ni kituo kujitoa katikati ya mwaka. Fundi wake mmoja alifika dirisha la bima na mke mwenye mimba ya miezi minane, akaambiwa kadi hiyo haipokelewi tena. Mwajiri hakuwa na habari. Michango ya mwaka mzima alikwishalipa.

Uchache wa vituo ndio unaoshusha bei: bima hupeleka wagonjwa wengi sehemu chache, ikapunguziwa gharama. Madai yakicheleweshwa, hospitali hufunga dirisha. Upande wa bima ya umma nako, Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko wa taifa wa bima ya afya kwa sababu ya bei za kitita chake kipya cha mafao.

Ofisa mmoja anayefuatilia sekta hii anasisitiza kuwa vituo ni vingi na vinaongezeka. Huenda. Ila hesabu za namna hiyo huchanganya duka la dawa, kliniki ya macho na hospitali yenye chumba cha upasuaji, na mjamzito wa Chanika hazimsaidii kitu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatarajiwa kuleta wanachama wengi zaidi. Kwamba vituo vitawafuata pembezoni mwa jiji, ni mapema kuamini. Zahanati ndogo haiwezi kukopesha dawa miezi mitatu ikisubiri malipo.

Mwenye karakana anakaribia kuhuisha mkataba. Safari hii ameorodhesha kwanza mitaa wanakolala mafundi, kisha akapiga simu kituo kimoja kimoja kuuliza kama kadi inapokelewa leo, na kama inalipia kujifungua. Anaelekea kuchagua bima yenye orodha fupi kuliko ya sasa. Viwili kati ya vituo vyake viko Mbagala.