Mfugaji mdogo na mizani: somo la kikundi kutoka Buswelu hadi Tanga

Siku chache kabla ya Idd el-Adh'ha ya mwaka jana, mama mmoja jirani yetu hapa Buswelu alimtoa beberu wake bandani, akamfunga chini ya mwembe na kumsubiri mchuuzi. Ni mjane mwenye watoto wanne. Binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya bweni, na beberu yule ndiye aliyekuwa godoro, sare na nauli ya safari.

Mchuuzi alifika kwa pikipiki. Akamshika beberu mgongoni, akamwinua kidogo kwa mikono miwili, akataja bei. Mama akaomba aongeze. Mchuuzi akawasha pikipiki. Mama akamwita arudi, akapokea alichopewa.

Siku mbili baadaye nilimkuta beberu yule yule katika soko moja la jijini. Nilimtambua kwa baka jeupe la shingoni. Bei yake ilikuwa imepanda karibu nusu ya ile aliyolipwa mama. Si haki kumwita mchuuzi mwizi. Alitumia petroli yake, alijua bei ya mjini na alijua kwamba muuzaji ana haraka. Mama hakujua uzito wa mnyama wake, hakujua bei ya siku ile, na alikuwa peke yake. Katika mambo hayo matatu, la tatu ndilo linaloyazaa mawili ya kwanza.

Kuku waliotangulia

Ili kuelewa kwa nini beberu yule aliuzwa kwa haraka, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwezi Oktoba wa mwaka juzi. Mama huyu alikuwa na kuku wa kienyeji wasiopungua ishirini. Kuku ndio benki ya nyumba nyingi za mtaani kwetu: mayai hununua sabuni, jogoo hulipa deni la dukani, na mitetea huuzwa mtoto anapougua. Mwezi ule kideri, ambao wengine huuita mdondo, ulipita.

Wakati huo akina mama wa darsa la msikiti walikuwa wamekwisha kuanzisha kikundi cha wafugaji, nami nikateuliwa kuwa katibu wao kwa kuwa ndiye ninayeshika daftari la kamati ya msikiti. Tulikusanya fedha za chanjo mapema, lakini tukachelewa kuinunua. Nilitaka orodha ya majina ikamilike kwanza. Kuku walipoanza kufa mtaa wa pili, ndipo tulipokimbilia chanjo na kupita banda hadi banda. Ndani ya juma moja kuku wengi tuliowachanja walikuwa wamekufa.

Mama yule alinisimamisha njiani nikitoka sala ya Alasiri. "Ustadhi," alisema, "chanjo yenu imenimalizia kuku." Sikuwa na jibu.

Jibu alilitoa afisa mifugo. Chanjo ni kinga, si tiba. Kuku ambaye ugonjwa umekwisha kumwingia haokolewi na tone la dawa. Tena sisi wenyewe, kwa kupita banda hadi banda na viatu vile vile na mikono ile ile, huenda tulisaidia kuueneza. Kosa halikuwa la chanjo wala la akina mama. Lilikuwa la uongozi, na mimi nilikuwa ndani yake.

Chupa moja, mabanda mengi

Chanjo yenyewe ni neema ambayo wafugaji wengi bado hawaijui. Inaitwa I-2, na asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia. Watafiti walikusudia kupata chanjo inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, ili iweze kufika vijijini ambako majokofu ni adimu. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, kifaranga sawa na jogoo, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Ugumu uko hapa: chupa moja hutosha kuku mia moja au zaidi, na ikishafunguliwa haifai kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Mwenye kuku kumi akiinunua peke yake, sehemu kubwa itamwagwa, naye ataona kuwa ni ghali. Nyumba kumi zikichangia chupa moja, kila nyumba hutoa kiasi kidogo mno. Kwa maana hiyo, uvumbuzi huu haumfikii mfugaji mdogo mpaka awe na wenzake. Kikundi ndicho kinacholigawa jambo kubwa liingie katika mfuko mdogo.

Baada ya msiba ule tuliweka kalenda isiyongoja orodha: Jumamosi ya kwanza ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Aliyekuwepo huchanjiwa, asiyekuwepo husubiri zamu ijayo. Mchanjaji hunawa na kusafisha viatu kabla ya kuingia banda jingine, na penye kuku mgonjwa haingii. Mama yule hakutaka hata kutusikia katika zamu mbili za mwanzo. Alikuja Julai mwaka jana, baada ya kumuuza beberu.

Somo la mizani ya pamba

Wazee wa Kanda ya Ziwa hawana haja ya kufundishwa habari za mnunuzi anayekadiria. Miaka ya mwisho ya ukoloni, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuishia kulalamika. Walijipanga, wakaweka wapimaji wao wa kuhakiki uzito. Kutokana na harakati hizo, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha, uliundwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Muislamu anaposoma habari hiyo hukumbuka Sura ya 83, Al-Mutaffifin, ambayo imepewa jina kwa sababu ya wale wanaopunja vipimo. Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Baada ya uhuru, malalamiko yaliwageukia viongozi wa ushirika wenyewe: hesabu zisizosomwa, fedha zisizoonekana, nafasi za kazi kwa jamaa. Mwaka 1968 muungano ule ulivunjwa na mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, navyo vikarejea kwa sheria ya mwaka 1982. Mizani iliyomshinda mnunuzi haikutosha kumshinda mtunza hazina wa nyumbani.

Tanga walivyofanya

Mfano wa wafugaji waliovuka hatua ya mtaa unapatikana Tanga. Kuanzia miaka ya 1980 wafugaji wadogo wa mkoa huo, kwa ushirikiano na Uholanzi, walisaidiwa kupata mitamba wa maziwa na mafunzo ya kuwafuga ndani ya banda. Ng'ombe walipoongezeka lilizuka tatizo jipya: maziwa mengi na mnunuzi hakuna. Vyama vya msingi vikaungana mwaka 1993 kuunda Umoja wa Vyama vya Ushirika vya Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa Tanga, TDCU. Mwaka 1996 ikaanzishwa kampuni ya Tanga Fresh, ambayo wafugaji kupitia umoja wao walikuwa na hisa ndani yake.

Utaratibu wake unafaa kuzingatiwa. Mfugaji mwenye lita chache hupeleka maziwa katika kituo cha chama chake. Hapo hupimwa wingi na ubora, ili aliyetia maji asiharibu maziwa ya wenzake, kisha hupozwa na kupelekwa kiwandani. Gari la kiwanda haliwezi kwenda kwenye kila nyumba kufuata lita tatu, lakini kituo chenye maziwa ya wafugaji wengi linakifuata. Mfugaji aliye na soko la hakika naye hapati shida kulipia uhimilishaji au lishe bora, kwa kuwa anajua gharama itarudi.

Sisi wa Mwanza hatuko mbali na nyenzo hizo. Mabuki, wilayani Misungwi, kuna shamba la Serikali la kuzalisha mifugo na kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Mashudu ya pamba yanatoka katika viwanda vya kanda yetu wenyewe. Buswelu, ambayo leo ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, inajaa viwanja vilivyopimwa na malisho yanapungua kila mwaka. Anayetaka kuendelea kufuga hana budi kufuga ndani ya banda, na lishe ya bandani hununuliwa kwa unafuu na wengi kuliko mmoja.

Mtaji usio na riba

Wapo waliojiepusha na vikundi kwa kuchelea mikopo ya riba, na uchaji huo unastahili heshima. Lakini milango iko. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hupewa vikundi vilivyosajiliwa. Upo pia utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unaofahamika Tanga na kwa majirani zetu wa Kagera: mfugaji hupewa mtamba, na ndama jike anayezaliwa hukabidhiwa mfugaji mwingine. Hilo linakaribiana mno na moyo wa kusaidiana tunaoufundisha madrasa.

Sharti la yote ni daftari. Katika kikundi chetu hesabu husomwa kwa sauti kila mwezi, na anayeshika fedha si yule anayeshika daftari. Wapo walioona kwamba ni kutoaminiana. Tuliwakumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi.

Idd ya mwaka huu

Mapema mwaka huu kikundi kilinunua mizani ya kuning'iniza. Kabla ya Idd, nyumba sita zilileta mbuzi kumi na mmoja chini ya mwembe ule ule. Tulikuwa tumeulizia bei jijini kwa simu siku moja kabla.

Mchuuzi wa mwaka jana alikuja. Akamshika mbuzi wa mama yule mgongoni kama ilivyo desturi yake, akataja bei. Mama hakubishana. Alimfunga mbuzi mkanda, akamtundika, akamwambia, "Soma mwenyewe, mwanangu." Mchuuzi akasoma. Akanyamaza kidogo, akaongeza bei, na mbuzi wote kumi na mmoja wakaondoka kwa gari moja. Hata yeye alipata nafuu, kwa maana hakuzunguka mitaa sita.

Binti yuko kidato cha sita inshallah mwezi ujao. Kuku wa mama wamerudi kuwa kumi na wanane, na zamu ya chanjo ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Orodha haijakamilika, nasi hatutaingoja.