Burgao: Usalama wa jahazi huanzia gatini

Mfanyabiashara anayetafuta chombo cha kupeleka unga, saruji au vipuri kutoka Lamu kwenda pwani ya Kismayo huuliza swali moja kabla ya kuuliza nauli: njia ikoje? Kwa miaka ishirini swali hilo limejibiwa kwa neno moja, maharamia. Jibu ni la kweli, lakini halitoshi. Katika maji ya Wabajuni mtu anaweza kupoteza mali yake yote bila kumwona haramia hata mmoja.

Burgao inaonyesha sababu. Ni bandari ya asili kusini mwa Somalia, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kismayo na jirani na Ras Kamboni, ambako Somalia inapakana na Kenya. Mkono wa bahari unaingia bara kati ya mikoko, na chombo kilichomo ndani kinapata kinga dhidi ya mawimbi ya nje. Katika ramani za Waingereza paliitwa Port Durnford. Hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland, Burgao na Lamu zilikuwa chini ya utawala mmoja wa kikoloni. Mpaka ulihamishwa, lakini lugha, ndoa na biashara viliendelea kuvuka. Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula wana jamaa zao Kiunga, Faza na Lamu, na boriti za mikoko za pwani hii zimejenga nyumba nyingi za Ghuba.

Maharamia wako wapi?

Ngome za maharamia waliotikisa dunia hazikuwa Burgao. Zilikuwa mamia ya kilomita kaskazini, katika miji kama Eyl, Hobyo na Harardhere. Hata hivyo, madhara yao yalifika Mombasa mapema. Juni 2005 meli MV Semlow, iliyopakia Mombasa tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ilitekwa ikielekea Bosaso. Ndani yake walikuwamo Wakenya wanane na mhandisi Mtanzania, na walishikiliwa kwa takriban siku mia moja. Kuanzia Novemba 2007 ilibidi manowari zisindikize meli za chakula cha msaada.

Novemba 2008 ikawa zamu ya Sirius Star, meli ya mafuta yenye mapipa milioni 2, iliyotekwa mbali kabisa kusini mashariki mwa Mombasa. Oktoba 2010 uharamia ukafika mlangoni mwa Wabajuni: chombo cha uvuvi Golden Wave, kilichojulikana pia kama Keummi 305, kilitekwa karibu na Lamu kikiwa na mabaharia 43, wakiwamo Wakenya 39. Kabla ya kuachiwa Februari 2011, maharamia walikitumia kama chombo mama, yaani kituo cha kubebea boti zao ndogo hadi bahari kuu kuwinda meli nyingine.

Ofisi ya Kimataifa ya Masuala ya Bahari ilihesabu mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali mwaka 2011. Mwaka uliofuata yakashuka hadi 75, na mwaka 2013 hadi 15. Manowari za Ulaya, India, China na nchi nyingine zilikuwa zikizunguka, meli kubwa zilipanda walinzi wenye silaha, na mamia ya washukiwa walifikishwa mahakamani katika nchi mbalimbali, wakiwamo walioshtakiwa Mombasa na Ushelisheli. Tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli viliondoa eneo zima la Bahari ya Hindi katika orodha yao ya maeneo ya hatari kubwa.

Nafuu hiyo haikudumu mwaka. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, manowari zikaelekezwa huko, na meli nyingi za mizigo zikaamua kuzunguka Afrika. Desemba 2023 maharamia waliiteka MV Ruen, nayo ikakombolewa na wanamaji wa India Machi 2024 pamoja na mabaharia wake 17. Mwezi huohuo wa Machi waliiteka MV Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo, na kuwashikilia mabaharia 23 kwa zaidi ya mwezi.

Mwenye duka wa Faza anaweza kuona habari hizi kuwa za mbali. Lakini kila hatari inapopanda baharini, bima ya meli kubwa hupanda, na gharama hiyo hushuka hadi kwenye bei ya mafuta, ngano na mchele unaopakuliwa Mombasa na Dar es Salaam. Vyombo vya mbao vina shida ya pili. Haramia huvipenda kwa sababu havishukiwi: jahazi au chombo cha uvuvi kinachopita taratibu hakimshtui mtu. Aprili 2017 jahazi la Kihindi Al Kausar lilitekwa likitoka Dubai kwenda Bosaso. Wenye vyombo vya namna hiyo aghalabu hawana bima ya maana wala kampuni ya kuwalipia fidia. Jahazi likipotea, hasara ni ya nahodha na ya kila aliyeweka gunia ndani yake.

Nahodha wa pwani ana kinga moja ambayo haikununuliwa kwa fedha: pepo. Kusi linapochacha, kuanzia Juni hadi Agosti, boti ndogo za maharamia hazimudu bahari kuu. Bahari inapotulia, ndipo nao hutoka. Kwa hiyo miezi ambayo ni salama kwa hali ya hewa si lazima iwe salama kwa mengine.

Nani mwenye bandari?

Burgao yenyewe, hatari kubwa zaidi imekuwa nchi kavu. Al-Shabaab waliitwaa Kismayo Agosti 2008 na kuigeuza kuwa hazina yao. Mwaka 2011 utekaji wa wageni katika visiwa vya Lamu, Kiwayu mwezi Septemba na Manda mwezi Oktoba, ulitangulia uamuzi wa Kenya wa kuingiza jeshi Somalia. Operesheni Linda Nchi ilianza Oktoba 2011. Wanajeshi walisonga kupitia Ras Kamboni na Burgao, na mwishoni mwa Septemba 2012 wakashuka Kismayo kwa njia ya bahari.

Wavuvi wa Lamu walilipa sehemu ya gharama ya vita hivyo. Kwa miaka kadhaa walikatazwa kuvua usiku, ilhali usiku ndio wakati wa samaki wengi. Ng'ambo ya mpaka, Wabajuni waliokuwa wamekimbia visiwa vyao tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 walizidi kukosa sababu ya kurudi.

Kutekwa kwa miji hakukumaliza swali la nani anatoza ushuru. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara nyingi kwamba al-Shabaab hutoza magari na bidhaa katika vizuizi vya barabarani, wakati mwingine kwa kutoa stakabadhi, hata kwa mizigo inayotoka katika bandari wasizozishika. Mfanyabiashara anaweza kulipa bandarini, kisha akalipa tena porini. Malipo ya pili yana hatari yake: sheria ya Kenya ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012 inaharamisha kulifadhili kundi hilo, na stakabadhi ya njiani inaweza kugeuka ushahidi mahakamani.

Hata kati ya mamlaka zinazotambuliwa hakuna sauti moja. Novemba 2024 Jubaland ilitangaza kusitisha uhusiano na Serikali ya Shirikisho ya Mogadishu. Desemba 2024 vikosi vya pande hizo mbili vilipigana Ras Kamboni, na baadhi ya askari wa Mogadishu wakavuka kuingia Kenya. Jahazi lililopakia kwa kibali cha upande mmoja linaweza kufika mahali ambapo kibali hicho hakina uzito. Baharini nako Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka mpya kati ya Kenya na Somalia Oktoba 2021, na Kenya ikasema haiutambui.

Gunia la mkaa

Kisa kinachopaswa kumkaa mfanyabiashara kichwani ni cha mkaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku kusafirisha mkaa kutoka Somalia na kuununua nje, kwa sababu fedha zake zilikuwa zikiwalisha al-Shabaab. Kismayo ilipotekwa mwaka huo, wachunguzi walikuta takriban magunia milioni 4 yamerundikwa, yenye thamani isiyopungua dola milioni 60 katika soko la kimataifa.

Biashara iliendelea. Ripoti za wachunguzi zilizofuata zilizitaja Burgao na Kismayo kuwa milango mikuu ya kupakia. Ripoti ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba takriban magunia milioni 3 yalitoka kwa mwaka, na al-Shabaab wakavuna angalau dola milioni 7.5. Njia iliyotumika ilikuwa ya karatasi: vyeti vya uongo vya asili ya bidhaa vilivyodai mkaa umetoka Komoro, Ghana au Ivory Coast, na baadaye mkaa kupitishwa Iran na kutiwa katika magunia mapya ili uonekane ni wa huko.

Oktoba 2014 azimio namba 2182 liliruhusu manowari kusimamisha na kupekua vyombo vinavyoshukiwa kubeba mkaa huo au silaha. Baraza lilipopanga upya vikwazo vya Somalia Desemba 2023, marufuku ya mkaa ilihamia katika vikwazo dhidi ya al-Shabaab.

Tangu hapo jina la Burgao kwenye hati ya safari linatosha kumfanya mkaguzi ainue macho. Mwenye kamba, papa wakavu au ufuta hana kosa, lakini akiweka mzigo wake katika jahazi ambalo chini ya dari lake pana magunia mia mbili ya mkaa wa mtu mwingine, mali yake inazuiwa pamoja na ya mkosaji. Samaki hawangoji kesi. Wiki moja ya upekuzi inatosha kuumaliza mtaji.

Mwanachama asiye na dirisha

Kwenye karatasi, mambo yanapaswa kuwa mepesi. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, ikatia saini mkataba Desemba mwaka huo, na ikakamilisha uanachama Machi 2024. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa za asili ya nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha.

Cheti hicho kinahitaji afisa wa kukigonga muhuri. Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kufungua mpaka uliofungwa tangu 2011, kwa awamu, Kiunga na Ras Kamboni zikiwa awamu ya tatu ndani ya siku 90. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi upande wa Kenya, Nairobi ikatangaza kuahirisha. Bila kituo rasmi kilicho wazi, mchuuzi wa Burgao ni raia wa Jumuiya asiye na dirisha la kupeleka karatasi zake, na asiyeweza kuthibitisha mzigo umetoka wapi hutazamwa sawa na yule aliyeficha.

Hapo ndipo doria peke yake inaposhindwa. Manowari inaweza kumfukuza haramia. Haiwezi kutoa cheti wala kumtofautisha mvuvi na msafirishaji wa magendo kwa kutazama tanga. Kazi hiyo ni ya afisa wa forodha anayekaa gatini, mwenye daftari linalokubalika Kismayo, Mogadishu na Lamu. Viongozi wa Jumuiya wanaozungumzia usalama wa bahari wangeanza na daftari hilo, gharama yake ni ndogo kuliko mafuta ya manowari moja.

Hadi hapo, yapo ambayo mfanyabiashara anaweza kuyafanya mwenyewe. Ajue mwenye chombo ni nani, na chombo kimeandikishwa wapi. Asikubali kupakia kabla ya kuona orodha ya shehena yote, pamoja na ya wenzake. Hati zitaje mahali halisi pa kupakia, hata kama jina la mahali hapo linaleta maswali, kwa maana jina la uongo likigunduliwa huharibu hata yaliyo kweli. Kila malipo yawe na stakabadhi ya mamlaka inayotambuliwa, na nakala zibaki nchi kavu. Nahodha awe na redio inayofanya kazi, amwachie wakala siku na njia ya safari, na asibadili njia bila kuarifu. Mtaji usiwekwe wote katika chombo kimoja.

Yote haya hayamzuii haramia mwenye bunduki. Yanamsaidia mtu wa halali siku jahazi linaposimamishwa na askari, tukio ambalo katika maji ya Burgao lina uwezekano zaidi ya lile la kwanza. Siku hiyo nahodha huulizwa umepakia wapi, mali ni ya nani, na karatasi iko wapi. Majibu hayo hutayarishwa gatini, kabla nanga haijang'olewa.