Siku tatu Idjwi, na moja ya ziada

Wiki iliyopita wengi walituuliza: wamama sita na watoto watano walikuwa wapi, hata hawakuonekana kwenye mkutano wa Jumapili? Tulikuwa Idjwi. Tunaleta habari yote hapa, matamu yake na machungu yake.

Safari ilianza kwenye sanduku dogo la akiba. Tangu mwezi wa kwanza kila mmoja wetu alikuwa anaweka franka 1.000 kwa wiki. Kuna wiki ambazo prime ya walimu ilichelewa tukakopana wenyewe kwa wenyewe, lakini hatukuruka hata moja. Mwisho wa mwezi wa sita kila mama alikuwa na franka 25.000. Shule zikafungwa, na Alhamisi tarehe 4 Julai 2019 tukashuka bandarini alfajiri, watoto wakiwa wamevaa sweta, sisi na vifurushi vya sukari, chumvi na sabuni kwa ajili ya wenyeji wetu.

Bandarini tulinawa maji ya kloru na kupimwa joto, kama tulivyokuwa tunafanya kila mahali mjini wakati ule, Ebola ilipokuwa jimboni. Halafu tukapewa jile, lile vazi la rangi ya machungwa linalomshikilia mtu juu ya maji. Hakuna aliyecheka. Mwezi wa nne mtumbwi ulizama katika ziwa hili letu, watu wengi wakapotea, na Rais wa Jamhuri akaja kuwaona wafiwa na kuagiza kila abiria avae jile. Mwenzetu mmoja, mshonaji, alifiwa na mdogo wake katika maji haya miaka iliyopita. Alifunga kamba za jile yake mara tatu, kisha akafunga za watoto wote watano, hata wasio wake.

Mashua ilipoacha ufuko, Goma ilibaki nyuma kidogo kidogo: nyumba, Mlima Goma, halafu Nyiragongo na moshi wake. Kushoto ni vilima vya Rwanda. Watoto waliuliza kama kuna mamba. Hakuna, wala kiboko. Ziwa Kivu lina hatari nyingine. Tuliwaeleza kwamba maji haya yana kina cha zaidi ya mita 400, na huko chini imelala gesi nyingi, ambayo Rwanda imeanza kuivuta upande wa Karongi ili kutengeneza umeme. Mtoto mmoja akauliza kwa nini sisi hatuvuti ya kwetu. Mwalimu naye hunyamaza siku nyingine.

Baada ya saa tatu hivi tukashuka kaskazini mwa kisiwa, tukapanda kwa miguu hadi kwa wazazi wa mwenzetu, wenyeji wa Idjwi. Kisiwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Kivu. Ni teritwari kamili ya Kivu ya Kusini, na makao yake yako Bugarula. Wenyeji wengi ni Bahavu. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kimya. Magari ni ya kuhesabu. Pikipiki moja ikipita, watoto wanatoka kuiangalia. Vita vilivyochoma bara pande zote viliiacha Idjwi karibu bila kuguswa, na usiku wa kwanza tulilala bila kusikiliza mlango. Mama mmoja alisema asubuhi, «Kumbe usingizi ni chakula.»

Sasa tuseme chakula chenyewe. Sambaza tunazijua, tunazinunua kila siku sokoni. Lakini sambaza iliyotoka majini saa kumi na moja asubuhi na kuingia kwenye mafuta saa kumi na mbili ni kitu kingine. Mama mwenye nyumba alizikausha kwa kitambaa, akazitia chumvi tu, akazikaanga kidogo kidogo zisishikane, akaleta ndimu na pilipili. Tulizila nzima, kichwa na mkia, na bugali wa muhogo. Mchana ilikuwa sombe na mawese, maharagi na ndizi za kupika. Na mananasi! Ya Idjwi ni madogo, lakini ukikata moja nyumba yote inajua. Watoto walikula hadi midomo ikawasha, na walipokatazwa wakahamia marakuja.

Jioni tulikaa ufukoni kuangalia wavuvi wakitoka. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wakiimba, mmoja anaanza na wengine wanaitikia. Giza likiingia wanawasha taa, sambaza zinafuata mwanga, na wavu unapandishwa chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala, kwa sababu samaki hutawanyika. Sisi tulibahatika: mwezi ulikuwa mchanga na ziwa lilijaa taa kama mji. Mzee wa nyumba alituambia kwamba zamani samaki huyu hakuwepo hapa. Ni kweli, sambaza zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Chakula tunachokiita cha mababu ni cha juzi tu.

Siku ya pili mzee alitupeleka kwenye kahawa yake, miti ya arabika chini ya kivuli cha migomba. Hapo ndipo tulipopata habari iliyotuuma. Kwa miaka mingi mkulima wa Idjwi hakuwa na mnunuzi wa haki, basi wanaume walikuwa wanapakia magunia kwenye mitumbwi usiku na kuvuka kwa siri kwenda Rwanda, kubadilisha kahawa na vitu vya nyumbani. Dhoruba ikiwakuta katikati, hakuna wa kuwaona. Wengi hawakurudi, na kisiwa kikabaki na wajane wa kahawa. Siku hizi vyama vya ushirika vimejenga vituo vya kuosha kahawa, na inauzwa mbali kwa jina la hapa. Wajane wengine ni wanachama, wana sahihi yao kwenye daftari. Tulikunywa kahawa hiyo bila sukari, ingawa sukari tulileta wenyewe.

Jumamosi mchana tulishuka kupanda mashua ya kurudi. Haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa imejaa mananasi, makala, mbuzi na watu, na jile zilikuwa nne tu, moja imepasuka. Mshonaji wetu alisimama kwenye mchanga akasema, «Mimi sipandi. Na mtoto wangu hapandi.»

Kijana wa mashua alicheka kwa upole. «Mama, juu ya nini munaogopa? Ziwa imetulia. Masaa tatu tu muko Goma.»

«Mwanangu, hata siku ile ilikuwa imetulia.»

Hatutaficha kwamba tulibishana. Waume walikuwa wanatungoja, mmoja wetu alikuwa na mgonjwa nyumbani, na pesa zilikuwa zinakwisha. Wawili tulisema tupande tukamwombe Mungu. Kisha mama mwenye mgonjwa ndiye aliyeweka mfuko wake chini. Alisema, «Nikifika bila ninyi, nitawaambia nini nyumbani kwenu?» Tukapandisha mlima tena. Wenyeji hawakuuliza neno. Waliongeza maji kwenye sufuria. Tulituma habari Goma kwa simu, na wababa wengine walikasirika.

Mashua ile ilifika salama. Tunasema hivyo kwa sababu watu wengi wametuambia, kama vile tulikosea. Tulifurahi ilifika, kulikuwa na watoto ndani. Lakini mtu akivuka barabara amefumba macho na gari lisimpige, hatumfundishi mtoto kufanya vile. Jumapili tulipata mashua nyingine yenye jile kwa kila mtu. Tuliwasili Goma jioni, Nyiragongo ikiwa nyekundu juu ya mji.

Katika sanduku zilibaki franka 31.000. Tungeweza kugawana. Tumeamua zianze mfuko wa jile kumi za chama, tano za watoto, ili mama yeyote anayekwenda Minova, Kalehe, Bukavu au Idjwi aje kuazima kabla ya safari na kurudisha akifika. Anayetaka kuongeza franka 500 kwa wiki, mhazini ana daftari. Jile ya kwanza mshonaji wetu ameahidi kuikagua mwenyewe, mshono kwa mshono.

Na anayetaka kuonja nanasi la Idjwi, tulileta manane. Yamebaki mawili, aje mapema Jumapili.