Mikanda ya Harusi na Meno ya Chanuo

Katika nyumba nyingi za Kurasini ingali imo kabatini mikanda ya video ya miaka ya 1990: ya harusi, ya maulidi, ya hitima. Baadhi ya nyumba zionekanazo humo hazipo tena, kwani sehemu za mtaa zilivunjwa kupisha upanuzi wa bandari. Mkanda ukipotea, hapana pa kwenda kupiga picha nyingine.

Sisi tulipeleka mkanda wa harusi kwa fundi mmoja autie katika kompyuta. Ulipotujia, marehemu babu alipokaa kimya alionekana vyema; alipoinua mikono kuomba dua, vidole vilikatikakatika mfano wa meno ya chanuo. Tulidhani mkanda umeoza, kumbe u mzima.

Sababu yake ni hii. Televisheni za zamani, kwa mtindo wa PAL uliotumika kwetu, hazikuonyesha picha nzima kwa mara moja. Mistari 576 ya sura iligawanywa: mara mistari ya witiri, na baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari ya shufwa. Televisheni ya kioo kinene ilizionyesha nusu hizo kwa zamu, na jicho likaona mwendo mmoja. Lakini kompyuta huzisuka pamoja kama ukili. Basi mkono uliokwisha sogea huonekana mahali pawili.

Mafundi wengine hulitibu jambo hili kwa kutupa nusu moja. Meno huondoka, lakini huondoka pia nusu ya mistari na nusu ya mwendo. Mbaya zaidi ni kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuifumua. Hapo mistari huchanganyika, wala haifumuliki tena.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu: mwambieni fundi ahifadhi faili moja kama lilivyotoka katika mkanda, mistari 576 na nusu zote mbili, asiliguse. Nakala ya kutazama ndiyo ifumuliwe, kila nusu ijazwe iwe picha kamili, zitoke picha 50 kwa sekunde. Tena ahakikishe ni nusu ipi itanguliayo. Akikosea, bibi harusi atakwenda mbele na kurudi nyuma kama aliyepagawa, na mama yake hatacheka.

Mkanda wetu ulirudiwa kwa njia hiyo. Vidole vya babu vilionekana vyote, na pete yake ya akiki, na nyuma yake mlango wa nyumba iliyovunjwa.