Usiku wa Tufo: Kuupanga kwa Mwezi na kwa Maji

Katika miji mikubwa ya Ulaya, mtu aendaye kusikiliza muziki wa roki katika uwanja wa michezo huanza matayarisho yake kwa kununua tikiti, kwa maana tarehe imekwisha kuwekwa, taa zimekwisha kufungwa, na saa ya garimoshi la kumrudisha nyumbani imekwisha kuandikwa. Ndivyo walivyofanya watu wapatao 72,000 waliokusanyika Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, wakamsikiliza, miongoni mwa waimbaji wengi, Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, akiimba na wenzake wa Queen. Ama sisi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Palma na Mocímboa da Praia hata visiwa vya Quirimbas, tafrija ya usiku tuipendayo ni tufo, ngoma ya wanawake yenye asili katika kasida na matari. Na atakaye kuihudhuria ng'ambo ya maji hana budi kwanza kuuliza mwezi una siku ngapi.

Sababu yake ni bahari. Chukua mfano wa kisiwa cha Ibo. Vyombo vitokavyo Tandanhangue hupita baina ya mikoko katika mkondo ambao maji yakipwa haupitiki, na kwa hiyo hakuna nahodha awezaye kuahidi saa ya kuondoka bila kujua maji yatajaa lini. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa ajili ya dakika hizo za ziada saa ya kujaa husogea mbele kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, pwani yetu hujaa alasiri, kisha hujaa tena kabla ya alfajiri. Na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa katikati ya asubuhi na tena usiku. Basi mtu achaguaye usiku wa mwezi mpevu amepata mambo matatu kwa mpigo: huvuka jua lingalipo, huona njia na nyuso za watu usiku kucha, na huyakuta maji ya kumrudisha bara kunapokucha.

Hapo ndipo ionekanapo hekima ya kalenda ya Kiislamu katika mambo ya pwani. Maulidi, ambayo aghalabu hayakosi tufo, huangukia tarehe 12 ya Mfungo Sita, mwezi ukikaribia kujaa na bamvua ikikaribia. Sikukuu ya Yohana Mbatizaji, iadhimishwayo Ibo tarehe 24 Juni, hufuata mwaka wa jua, na kwa hiyo mwaka mmoja huja na mbalamwezi na mwaka mwingine huja na giza. Ahudhuriaye sikukuu hiyo na amwulize nahodha siku kadhaa mbele, na neno la nahodha lisibishwe.

Jambo la pili ni mahali pa kukaa. Uwanja wa wazi hauna kuta za kurudisha sauti, na upepo huichukua sauti na kuiinamisha upande uendako. Tangu Aprili hata Septemba, kusi livumapo, mwenye kukaa upande wa kaskazini wa waimbaji husikia maneno ya wimbo, hali aliyekaa kusini kwao, ijapokuwa karibu zaidi, huenda akasikia mdundo tu.

Jambo la tatu ni subira. Ngozi ya tari hunywa unyevu wa bahari na umande wa usiku, ikalegea, na sauti yake ikashuka. Hivyo wapigaji huisogeza karibu na moto ili ikauke na kukaza. Mgeni asiyejua hudhani ngoma imekatizwa, kumbe vyombo vinapatanishwa. Muda huo na autumie kuzitazama kapulana za sare walizovaa wachezaji, na nsiro nyeupe, iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji kutoka katika mti wake, waliyojipaka usoni. Na awe na metikali ndogo ndogo za kuwatunza, avae nguo ya stara, wala asimpige mtu picha bila idhini.

Nimeanza na mwezi kwa kuwa elimu yake ni ndefu, lakini lipo jambo linalotangulia hata mwezi, nalo ni amani. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa, na tangu Machi 2021 zamu ya Palma ilipofika, watu wengi wa pwani hii wamehama makwao, na nyiradi na nyimbo zao wamezichukua pamoja na watoto wao. Kwa hiyo asisafiri mtu kabla ya kuwauliza wazee na wakuu wa mahali aendako, wala asitembee njia za bara usiku. Na wakisema usiku huu si wa safari, na ayakubali maneno yao kwa moyo mweupe.

Lakini pale amani ipatikanapo, tufo lastahili kupangiwa kwa bidii ile ile ambayo wengine huipangia Wembley. Mwenye kufika kwa wakati, akakaa mahali panapofaa na kusikiliza hata mwisho, amewapa waimbaji taadhima yao, na taadhima hiyo ni moja katika mambo yanayowatia moyo wa kuwarithisha binti zao kazi hii.