Ayala, Kupe na Wenye Visiwa

Katika mwaka 1922 wavuvi wa kisiwa cha Nantucket, katika jimbo la Massachusetts lililo mashariki ya Marekani, walimkuta dume wa ayala akiogelea baharini, na kwa kuwa baharia hapendi kuona kiumbe kikizama mbele ya macho yake, walimvuta chomboni wakamshusha pwani. Nao wenyeji, baada ya kumtazama miaka minne akizunguka peke yake kama mgane, wakamwonea huruma ya pili wakamletea majike wawili kutoka jimbo la Michigan. Huruma hizo mbili zimezaa jambo ambalo leo wataalamu, mahakimu na wenye mashamba hawajui walimalize vipi.

Nimechagua neno ayala, ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu, kwa sababu mnyama huyu si paa wala si kulungu wa kwetu, ingawa mazungumzo ya kila siku humwita kwa majina hayo. Pembe za paa na kulungu ni za maisha. Za ayala ni mfupa mtupu, ambao dume huuangusha wakati wa baridi na kuuotesha upya kabla ya majira ya kupandana. Ama jike, akishiba vizuri, huzaa pacha. Mwaka 1928 ayala sita, madume wawili na majike wanne, walitiwa ndani ya ua mkubwa huko Michigan, na haikupita miaka sita ila walihesabiwa 160. Hakuna uchawi katika hesabu hiyo: penye majani mengi na pasipo na mbwamwitu, na mbwamwitu wa New England, eneo ambamo Massachusetts imo, waliuawa wote zamani, mnyama huyu hana wa kumpunguza ila mwindaji, gari na njaa.

Serikali ya Massachusetts hutaka pasizidi ayala 12 hadi 18 katika kila maili moja ya mraba. Katika Nantucket na kisiwa jirani cha Martha's Vineyard wanakisiwa kupita 50. Msitu wenye walaji wengi kiasi hicho huwa kama mji wa wazee usio na watoto, kwani miti mikubwa husimama kwa fahari yake huku kila mche unaochipua ukiliwa kabla haujafika magotini. Lakini hayo huonekana kwa macho. Dhara kubwa zaidi, maradhi ambayo kupe humwambukiza mtu, lilitaka darubini.

Kupe wa ayala huishi takriban miaka miwili, na katika umri huo wote hula mara tatu tu: akiwa mchanga mwenye miguu sita, akiwa kijana asiyezidi ukubwa wa mbegu ya mchicha, na akiwa mzima. Milo miwili ya mwanzo aghalabu huipata kwa wanyama wadogo, khasa panya wa miguu myeupe, na huko ndiko anakonyonya pamoja na damu kijidudu cha maradhi ya Lyme. Mlo wa tatu, ambao pasipo huo jike hatagi, huutafuta kwa mnyama mkubwa, naye katika visiwa hivi ni ayala. Jambo la ajabu ni kwamba ayala mwenyewe hamwambukizi kupe maradhi hayo. Panya ndiye chuo cha ugonjwa. Ayala ni ukumbi wa harusi tu, kwani mwilini mwake ndimo kupe dume na jike hukutana, kisha jike akishashiba huanguka chini, na baadaye hutaga mayai yapatayo 2,000.

Hapa pana kisa kinachotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki, nami siwezi kukipita. Maradhi ya Lyme yalianza kuchunguzwa mwaka 1975 katika mji wa jina hilo huko Connecticut, ambako watoto walivimba magoti bila ya sababu kujulikana, na sababu ikaendelea kufichika mpaka mwaka 1981, alipopelekewa Willy Burgdorfer, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi, kupe waliokusanywa katika kisiwa cha Shelter, jimbo la New York. Alipowapasua akaona vijidudu virefu vilivyojipinda, na mara moja akavijua jamaa yake. Kwani katika ujana wake huko Basel alikuwa amesoma papasi, yule yule papasi wa nyumba za udongo za Afrika, na kijidudu cha homa yake, kilichopewa jina la tabibu Everett Dutton, aliyekufa kwa homa hiyo Kasongo, nchi ya Kongo, mwaka 1905, alipokuwa akiichunguza. Elimu iliyotokana na papasi wetu ilikuja kufumbua fumbo la matajiri wa visiwa vya Marekani, na sidhani kuwa wengi wao wana habari.

Maadamu ayala ndiye ukumbi wa harusi, yaelekea rahisi kusema: punguzeni ayala, na kupe watapungua. Jaribio lilifanywa katika Great Island, kipande cha nchi kilicho milki ya watu binafsi katika rasi ya Cape Cod, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu wa Harvard pamoja na mwalimu wao Andrew Spielman walisimamia kuondolewa kwa ayala hata ikapungua idadi yao kwa kadiri ya 70 katika kila 100, wakasubiri, wakahesabu kupe wachanga waliomo katika manyoya ya panya, wakakuta tofauti isiyo ya maana. Kupe waliosalia walijazana tu kwa ayala waliosalia. Ilipofika hatua ya kuondoa takriban wote, ndipo kupe wachanga walipoanguka kwa wingi mwaka hadi mwaka, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1988. Kazi inayofanywa nusu katika jambo hili, basi, haileti nusu ya faida. Huleta karibu na sifuri.

Hapo ndipo lango la mwenye shamba linapoingia katika sayansi. Kwa sheria ya Massachusetts mnyama wa mwituni ni wa umma, lakini ardhi anayoikanyaga ni ya mwenye hati. Na hairuhusiwi kupiga bunduki wala kutupa mshale ndani ya futi 500 kutoka nyumba ya kukaa watu bila ya idhini ya mwenyewe au mkaazi wake. Mtu akichora duara la futi 500 kuzunguka nyumba moja, ataona kuwa amefunga takriban eka 18, na visiwa hivi vimejaa nyumba za majira ya joto ambazo wenyewe, msimu wa kuwinda ukifika, wako Boston au New York, hawapatikani kuombwa ruhusa, na wakipatikana wengine husema wanampenda ayala bustanini. Mnyama hujifunza upesi mahali ambapo hapigwi. Jirani kumi wakifungua malango na wa kumi na moja akafunga lake, ayala huhamia kwa huyo wa kumi na moja, huzaa huko, na kurudi usiku.

Mimi siwalaumu sana wenye nyumba, maana risasi haina adabu ya mipaka. Nalaumu zaidi desturi ya kumwachia mwindaji wa Jumamosi kazi ya afya ya umma. Mwindaji akishajaza jokofu lake hana haja ya kuendelea, na sheria humkataza kuuza nyama, kwa sababu biashara hiyo ndiyo iliyokaribia kummaliza ayala karne ya 19. Juu ya hayo kumekuja kupe wa pili, mwenye doa jeupe mgongoni, ambaye mate yake huweza kumfanya aliyeumwa asiweze tena kula nyama ya ng'ombe, mbuzi wala ayala bila ya kudhurika. Na Martha's Vineyard wapo waliopatwa. Nani atakwenda kuwinda nyama asiyoweza kuila?

Watu wa Monhegan, kisiwa kidogo cha jimbo la Maine, walikata shauri kuliko wote: baina ya mwaka 1996 na 1999 waliajiri mpigaji hodari, akawaondoa ayala wote, mpaka wa mwisho. Mwanzoni kupe wazima, kwa kukosa ayala, walionekana wengi zaidi vichakani, kisha wakaadimika. Ndege wa safari wangali wakiwaletea kupe wachanga kila mwaka, nao hushuka, hukua, na aghalabu hufa bila ya kupata mnyama wa kuzalia.